Panga ya mama wa kasiksi: kisa cha kutafuta kiongozi wa wakulima huku Kabare

Nianze na panga, maana kisa chote kinazunguka hapo. Kuna panga mbili. Moja mpya kabisa, stika bado iko kwenye mpini, ilitolewa na proje (mradi wa kilimo) pamoja na buti, koti ya mvua na kofia, akakabidhiwa papa mmoja, yaani baba mmoja, ambaye tulimchagua kwa kura awe mkulima kiongozi wa kilima chake. Ya pili nzee, imenolewa miaka mpaka imebaki nyembamba kama kisu, ni ya mama mjane aliyekuwa anapika kasiksi, pombe ya ndizi, na kuuza kwa jerikani. Ile mpya ilimaliza msimu mzima ikiwa imetundikwa ukutani. Ile nzee ndiyo iliyokuwa inatembeza ugonjwa kilima kizima, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuuzuia.

Majina ya watu na ya kilima naacha, wanaishi pale na wanajuana. Ni upande wa Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki ya Congo, si mbali na barabara ya Kavumu, miaka michache kabla ya Korona. Mimi nilikuwa naishi Bukavu na kazi yangu ilikuwa kusindikiza vikundi vya wakulima, asubuhi taxi mpaka kwenye kona, halafu moto (pikipiki), halafu miguu, na jioni kurudi na matope mpaka magotini. Ninaandika kisa hiki kwa sababu kila nikikaa na wenzangu wa vulgarizasio, kazi ya kufundisha wakulima, tunabishana kuhusu "kujenga uwezo wa viongozi wa wakulima" na mimi kila mara narudi kwa huyu mama, wananicheka kwamba sina mfano mwingine. Kweli sina mwingine mzuri kama huu.

Ugonjwa wenyewe ni ule mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, Xanthomonas. Ulianza kuonekana kwenye ensete, ndugu wa mgomba, huko Ethiopia, ukaandikwa 1968, mwaka 2001 ukatokea Uganda na mwaka huo huo ukaonekana kwetu Congo, Masisi, na kuanzia hapo ukashuka pole pole ukifuata watu na ndizi zao mpaka Kivu ya Kusini. Mtu wa Kivu hahitaji maelezo marefu: majani yanageuka manjano yananyauka kama yamemwagiwa maji moto, mkungu unaiva kabla ya wakati na hauivi sawa, ukikata ndizi ndani ni kahawia kama kutu, ukikata shina baada ya muda kidogo linatoa uji wa njano. Hakuna dawa ya kunyunyizia, na kwenye migomba yetu ya kawaida huwezi kusema aina hii haishikwi. Unaenea kwa njia kubwa tatu: wadudu wanaotembelea ua dume (ile kitu nyekundu kama moyo inayoning'inia chini ya mkungu), vipandikizi vilivyotoka kwenye mgomba mgonjwa, na chuma, yaani panga na kisu kinachotoka mgomba huu kwenda ule bila kusafishwa. Kule juu kwenye baridi wadudu wanapungua, kwa hiyo panga inabaki ndiyo mshitakiwa namba moja. Ziwa Kivu lenyewe liko mita kama 1460 juu ya bahari na kilima chetu kinapanda kutoka hapo, kwa hiyo tangu mwanzo tungepaswa kuangalia panga kuliko nyuki. Hatukuangalia.

Sasa unaweza kuuliza, ugonjwa wa ndizi na uongozi vinakutana wapi. Vinakutana hapa: mihogo yako ukiitunza unaweza kula mihogo yako hata kama jirani ni mvivu, lakini mgomba wako ukiutunza na jirani hautunzi, mnamaliza wote wawili. Kwa hiyo anahitajika mtu wa kuwafanya watu arobaini wafanye kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye shamba lake, bila polisi na bila mshahara. Huyo ndiye tulikuwa tunamtafuta na karatasi za kura.

Vigezo vilikuja vimeshaandikwa mjini: awe anajua kusoma na kuandika, aelewe Kifaransa kidogo, awe na shamba lake mwenyewe la kuonyeshea wengine, awe anaheshimika. Ukisoma haraka unaona viko sawa. Ukisoma pole pole unaona vimeshamchagua mtu kabla ya kura, maana kwenye kilima kile wenye vyote vinne walikuwa labda watatu, wote wanaume, wote wa umri mmoja, wote wanasali mahali pamoja. Tukapiga kura, tukapiga makofi, akapita papa mmoja ambaye tayari alikuwa kwenye komite ya wazazi ya shule na kwenye baraza la kanisa. Watu wakamwita Papa Prezida kuanzia siku ile, na nadhani kuna waliosema kwa heshima na kuna waliosema kwa kucheka.

Tukampeleka Bukavu kwa formasio, yaani mafunzo, ya siku tano. Akarudi na brevé (cheti) kwenye plastiki, na ile panga.

Niseme wazi huyu papa hakuwa mtu mbaya, na wanaosimulia visa kama hivi wakimfanya aliyechaguliwa kuwa mjinga au mwizi mimi nafunga masikio. Alikuwa mtu wa neno lake. Alikuja kila mkutano, daftari lake lilikuwa safi kuliko langu. Tatizo lilikuwa pengine kabisa na sisi hatukuliona, juu ya mambo mawili.

La kwanza ni kazi tuliyompa. Maagizo ya wakati ule yalikuwa ya zamani: ukiona mgomba mmoja umeshikwa, ng'oa shina lote na watoto wake wote, fukia, kaa miezi bila kupanda ndizi pale. Aliyewahi kung'oa shina la mgomba na jembe anajua ni kazi ya aina gani, na hapo bado hujaongelea tumbo. La pili ni kile ambacho mgomba unamaanisha huku Bushi, nchi ya Washi. Shamba la kalinzi, lile ambalo mzee alitoa ng'ombe kwa Mwami (mfalme wa jadi) au kwa mwenye kilima akapata haki ya kuliachia watoto, alama yake ni migomba. Shamba la bwasa, la kukodi kwa msimu, huruhusiwi kupanda migomba, unalima maharagi na mihogo unatoka, kwa sababu mgomba ukishakaa pale miaka unaanza kuonekana kama hati. Kwa hiyo mtu akija kwako na panga na karatasi anasema ng'oa migomba yote ya upande huu, wewe unasikia kitu kingine.

Na huyu prezida wetu, hili ndilo lilinivunja moyo nilipolijua, alikuwa na kesi ya mpaka na majirani zake wawili. Kesi ya siku nyingi, ilishapita kwa bashamuka (wazee wa kilima), ikapita kwa shefu wa grupma (chifu wa vijiji kadhaa), haijaisha. Kilima kizima kilijua isipokuwa sisi tuliotoka mjini. Sisi tuliona mkulima kiongozi amevaa buti, wao waliona jirani mwenye kesi amepewa ruhusa ya kung'oa migomba ya mpaka. Nani angemfungulia?

Basi hakuna aliyemfungulia. Ila ripoti zilijaa. Kila mwezi "watu 28 wamehamasishwa", na ni kweli walihamasishwa, walikaa chini ya mti wa avoka (parachichi) wakasikiliza, wakasaini, wakachukua pesa ya transpo, wakaenda. Mimi mwenyewe nilikuwa natuma hizo ripoti na nilikuwa nalala vizuri.

Kitu kilichobadilisha mambo hakikutoka kwenye proje, kilitoka kwenye uvivu wangu. Siku moja mvua ilinyesha, bango la kufundishia lililowa, sikuwa na cha kuonyesha, nikasema haya, tuchore kilima chini. Hii ni desturi ya shamba darasa, ile njia ya FAO iliyoanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, ambapo wakulima wanachunguza shamba wenyewe, wanachora walichokiona na kubishana, mwalimu anauliza tu. Nilikuwa nimeisoma shuleni nikaiacha shuleni. Watu wakachukua vijiti, wakaweka njia, mto, kanisa, nyumba. Punje ya mahindi ni shamba lenye ndizi nzima, punje ya haragi ni shamba lililoshikwa. Mwanzoni walikuwa wanaogopa kuweka haragi kwenye shamba lao, halafu mzee mmoja akaweka mbili kwenye lake akacheka, wengine wakafuata.

Tukasimama kuangalia. Yale maharagi hayakuwa yametawanyika. Hayakufuata upepo wala mteremko wala mto. Yalikuwa yamepangwa kwenye mstari unaopinda, unaingia hapa unatoka kule, unaruka nyumba nne za upande wa juu, unarudi barabarani. Kimya kidogo, halafu kijana mmoja motari aliyekuwa amesimama pembeni tu kusubiri abiria akasema, "Sha, hii si njo njia ya mama wa kasiksi?"

Mama mwenyewe alikuwa pale, nyuma, na jerikani yake.

Hapa nataka kukaa kidogo maana dakika ile ingeweza kwenda vibaya sana na mimi sikujua la kufanya. Mjane, hana shamba, anaishi kwa kupika pombe, anasimama mbele ya watu arobaini na ardhi imechorwa inamsema kwamba ni yeye. Huku kwetu mwanamke wa namna hiyo akishikwa na neno "wewe ndiye ulileta ugonjwa" anaweza kufukuzwa, na wengine wamefanyiwa mabaya zaidi ya kufukuzwa. Nilifungua mdomo niseme kitu cha kitaalamu na namshukuru Mungu mzee mmoja alinitangulia. Akamuuliza pole pole, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za njiani: "Binti yangu, weye kama unakuya kununua, nani anakataka ule mukungu?"

"Njo miye, papa. Bwana shamba anaonyesha, miye nakata."

"Na panga gani?"

"Si ile ile yangu."

Halafu akanigeukia mimi akauliza swali moja, ambalo mpaka leo nasema ndilo swali la kwanza la kweli nililoulizwa msimu ule, maana mengine yote yalikuwa ya transpo na lini mtaleta mbegu: "Agronomu, kama panga yangu njo inabeba, moto inaweza kuisafisha?"

Inaweza. Panga ikipita kwenye moto mpaka chuma chote kiwe cha moto sana usiweze kukishika, bakteria wanakufa, na maji ya Jik nayo yanafanya kazi lakini Jik ni franga na moto ni bure. Nilimweleza hivyo kwa maneno machache kuliko haya. Juma lililofuata nilimkuta njiani amebeba jerikani mgongoni na mkononi chungu kilichovunjika mdomo, ndani makala ya moto yamefunikwa na majivu. Kila shamba anaingia, anapuliza makala, anaweka panga, anasubiri, anakata. Watoto walikuwa wanamfuata kuangalia. Mwenye shamba naye anasimama kuangalia, na akisimama anauliza, na akiuliza anajibiwa, na hapo ndipo somo langu la miezi sita chini ya avoka lilipitia kwa dakika tano.

Kwa nini yeye? Watu wa proje walipokuja kusikia walisema ana "karisma". Hapana. Alikuwa na sababu tatu ambazo hazihusiani na karisma. Alikuwa na bwasa tu, hana hata mgomba mmoja, kwa hiyo hakuna aliyemshuku kwamba anatamani mpaka wa mtu. Tumbo lake lilitegemea migomba ya wote, si ya mmoja, ndizi za kilima zikiisha kasiksi imeisha na yeye ameisha, kwa hiyo alikuwa mtu peke yake kule ambaye faida yake ni kilima kizima kipone. Na alikuwa tayari anaingia kwenye kila shamba. Hili la tatu ndilo zito. Kuingia kwenye migomba ya mtu na chuma mkononi si kitu unachopewa na kura au na brevé, watu walikuwa wamempa miaka na miaka, mkungu kwa mkungu, kwa sababu analipa.

Na alikuwa na nguvu moja ambayo prezida hakuwa nayo wala mimi sikuwa nayo. Ya kununua. Baada ya wiki kadhaa akaanza kusema hanunui kwa mtu ambaye ua dume bado linaning'inia. Hakutangaza kwenye mkutano, alifika tu, akaangalia juu, akasema "papa, nitarudi siku ukishavunja ile," akaendelea na njia yake. Kuvunja lile ua unatumia kijiti chenye panda, si chuma, unalizungusha linakatika, dakika moja, na wadudu hawana tena pa kubeba ugonjwa. Sisi tulikuwa tumefundisha hilo na picha za rangi. Yeye alilipa bei, au tuseme aliliondolea bei, na vijiti vyenye panda vikaanza kuonekana vimeegemea ukuta wa kila nyumba.

Wakati huo huo mbinu yenyewe ikawa nyepesi, na hapa lazima niwe mkweli, bila hili mama peke yake asingefika mbali. Watafiti waliokuwa wanafanya kazi huku Kivu ya Kusini walikuwa wameonyesha kwamba si lazima kung'oa shina lote. Unakata mti ule mmoja tu unaoonyesha dalili, chini kabisa usawa wa udongo, unaacha watoto wake, unarudi mara kwa mara kuangalia na kukata mwingine ukionekana, panga inapita motoni kila mara. Sababu ni kwamba bakteria hafiki kwenye watoto wote wa shina, wengi wanabaki wazima wanatoa mkungu. Fikiria hiyo inamaanisha nini kwa mwenye kalinzi: migomba yake inabaki imesimama, mpaka wake unabaki, hati yake inabaki, ameondoa tu mti mmoja uliokuwa unakufa hata hivyo. Kazi ya kuwashawishi watu ikawa ndogo mara kumi. Mimi nimekuja kuamini kwamba mara nyingi tukisema "kijiji hiki hakina viongozi" ukweli ni kwamba tumewaletea jambo ambalo hata Mwami mwenyewe asingeweza kuwaomba watu.

Halafu tukaharibu. Yaani tulikaribia kabisa kuharibu.

Mkubwa wangu wa mjini alisikia, akafurahi, na furaha ya ofisi ina taratibu zake: akataka mama aingizwe kwenye orodha kama "mama kiongozi", apewe kofia, apigwe picha, alipwe transpo ya mwezi, aje Bukavu kwa atelie (warsha) ya siku nne kutoa ushuhuda. Nilikubali, na sikukubali kwa kulazimishwa, nilidhani tunamheshimu. Alikuja, akalala kwenye chumba chenye maji ya bomba, akaongea vizuri, watu wakalia. Kasiksi aliyoiacha kwenye mtumbwi wa kupikia pombe ikageuka siki. Aliporudi alikuta maneno yamefika mbele yake. Kwamba sasa analipwa kwa kuangalia ndizi zetu. Kwamba kama proje inamlipa yeye kwa migomba yetu, na sisi tulipwe basi. Wanaume wawili walimzuia kuingia, mmoja ambaye miezi miwili kabla alikuwa anampulizia makala.

Nilikwenda kwake na aibu yangu. Akanitolea kofia, imekunjwa vizuri ndani ya sasheti, haijavaliwa. "Mwanangu," akasema, "miye niko muuzaji ya kasiksi. Munanipa kazi ya proje, na batu banaanza kuniomba franga ya proje. Aksanti kwa chumba, kilikuwa kizuri."

Alikataa na transpo pia, na si kwamba alikuwa nayo nyingi.

Kile tulichofanya baada ya hapo hakikuwa kizuri sana kwenye karatasi. Tulimfuta kwenye orodha, kwa ombi lake. Pesa zilizokuwa za kofia na picha tukaomba zinunue mitungi midogo ya bati ya kubebea makala, ikapatiwa kila anayenunua ndizi kilima kile, wakiwemo wale wanaotoka mjini na kamioneti. Mkubwa alilalamika kwamba hana "jina la kuweka kwenye rapo", nikamwambia aweke idadi ya mitungi.

Na Papa Prezida? Huyu alikuwa ameumia, na hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza kutomuuliza. Nilikaa kwake jioni moja, akanieleza ile kesi ya mpaka yote kutoka kwa babu yake, masaa mawili, na ndani ya yale masaa mawili nikagundua tulimpa panga mtu aliyepaswa kupewa kalamu. Huyu mtu anajua kuandika barua, anajua kusubiri mlangoni kwa mkubwa bila kukasirika, anajua nani aonwe kabla ya nani. Yeye ndiye aliyekwenda kwa shefu wa grupma, mara tatu, mpaka ikatoka amri kwamba siku ya soko mnunuzi yeyote kutoka nje haingii kwenye migomba na panga ambayo haijapita motoni. Mama asingeweza kuipata ile amri hata kwa miaka kumi. Na prezida asingeweza kuingia kwenye shamba moja la jirani hata kwa miaka kumi. Walikuwa hawapendani sana, na sidhani walikuja kupendana.

Mfadhili naye alitaka kikundi kiwe koperative yenye komite ya watu tisa, na hapo ndipo prezida akatuonyesha kitu kingine. Congo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya koperative ya 2010 kwa koperative ile rahisi inataka wanachama watano tu kuanza, na komite ya usimamizi ya watu watatu. Tisa ilikuwa ndoto ya ofisi. Prezida akaisoma ile sheria akawaambia watatu wanatosha, tisa wataanza kugombania viti. Tukafanya watatu. Mama hakuwa mmoja wao, hakutaka.

Ugonjwa ulishuka kwenye njia ya mama, ilionekana kwa macho, msimu uliofuata tulipochora tena chini mahindi yalirudi mahali palipokuwa na maharagi. Upande wa juu, zile nyumba nne alizokuwa anaruka, ambazo mwanzoni zilikuwa nzima kwa sababu yeye hakupita, ndizo zilizokuja kushikwa baadaye. Kuna mnunuzi mwingine alianza kupita kule, mtu wa haraka, hana muda wa makala. Tulijaribu na yeye tukashindwa, na mtungi aliopewa aliuuza. Pale chini mtoni pia kuna kichaka cha ndizi za pombe ambacho mwenyewe yuko Kinshasa, hakuna mwenye haki ya kukigusa, maua dume yananing'inia pale mwaka mzima, nyuki wanakula.

Wenzangu wananiuliza basi ningefanyaje tangu siku ya kwanza. Nisingepiga kura wiki ya kwanza, hilo najua. Ule mfumo wa Benor ambao Benki ya Dunia ilisambaza miaka ya 1970 na 1980, moniteri (afisa wa kilimo) anamfundisha mkulima mmoja wa mawasiliano naye anafundisha wenzake, umekufa kwenye vitabu lakini bado tunaishi ndani yake: tunamtafuta mmoja, tunamjaza, tunasubiri amwagike. Mimi ningechora kilima kwanza, na badala ya kuuliza nani anaheshimika ningeuliza nani anaingia kwenye shamba la nani, na kufanya nini, na nani hawezi kuingia wapi na kwa nini. Kwenye ndizi nitamkuta mnunuzi. Kwenye mbuzi nitamkuta yule mwenye dume la kupandisha. Kwenye mbegu za maharagi ni wamama wa soko kila siku, wanachanganya na kubeba mbegu kutoka kilima hadi kilima na hakuna anayewaita kwenye formasio. Na nikishamkuta nisimnunulie kofia.

Ila hata hii ikifanywa kuwa kanuni itaharibika, naiona tayari, kesho utasikia "mbinu ya mnunuzi kiongozi" ina fomu na ina bajeti.

Mara ya mwisho kupita kule nilikuwa nimetoka kilima kingine asubuhi ile ile, nimechanja mashina mawili matatu kuangalia kama yanatoa uji. Nikamkuta mama kwenye shamba la mmoja wa wale wanaume waliokuwa wamemfungia, mtungi chini, panga kwenye makala. Nikamsalimia, nikaona shina lina majani ya wasiwasi, nikatoa kisu changu mfukoni nikainama. Akaniwekea mkono mbele.

"Kile kisu kinatoka wapi?"

Nikamwambia.

"Leta," akasema, akakichukua mkononi mwangu na kukichomeka kwenye makala pembeni ya panga yake, tukasimama pale tukisubiri kiive.